Mtoto ana wiki sita na jina bado liko kwa penseli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Kimara na mume wangu, ambaye ni fundi wa friji na viyoyozi mwenye banda lake la kazi Kariakoo. Tuna binti wa miaka minne, Neema, na sasa Mungu ametujalia mtoto wa kiume. Juzi ametimiza wiki sita. Nakuandikia kwa sababu mtoto huyu hana jina, au niseme anayo majina matatu na hakuna hata moja linalotamkwa pale nyumbani bila mtu kununa.

Nianze na usiku aliozaliwa. Uchungu ulinianza saa mbili usiku, mvua inanyesha tangu alasiri, ile mvua ya Aprili isiyotaka kusikia habari ya mtu. Mume wangu alikuwa bado kazini. Jangwani pakafungwa kama kawaida ya pale maji yakizidi, mwendokasi ukasimama, yeye akawa ng'ambo na mimi niko huku. Jirani ndiye aliyenipakia kwenye bajaji tukajifunika turubai mpaka hospitali. Nilijifungua saa tisa usiku. Mume wangu alifika saa kumi na moja alfajiri, suruali imelowa mpaka kiunoni, kiatu kimoja hana. Akampokea mtoto, akamtazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni Mugasha." Nilidhani ni utani wa uchovu. Kumbe kabla hajaingia wodini alishapiga simu kwao Muleba akiwa koridoni, na huko walishapiga vigelegele.

Mume wangu ni Mhaya. Anasema Mugasha kwa wazee wao wa zamani ndiye mwenye ziwa, mwenye upepo, dhoruba na mvua. Babu yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa mvuvi. Mtumbwi wao ulipinduka usiku, wenzake wawili hawakuonekana tena, yeye akatupwa ufukweni mzima. Tangu siku hiyo, kila akiingia ziwani alilitaja jina hilo kabla ya kushika kasia, na Jumapili alikuwa kanisani kama kawaida. Mume wangu anasema usiku ule maji yalitaka kumzuia asimwone mwanawe, yakamwachia. Basi.

Mama yangu mzazi ni Mchaga wa Rombo. Alikuwa Mkatoliki, sasa ameokoka, na mimi tangu miaka miwili iliyopita nasali naye Mbezi. Aliposikia jina alikaa chini. Akasema hilo ni jina la mizimu na mjukuu wake hatapewa. Mchungaji wetu naye amesema hawezi kulitamka madhabahuni siku ya kumweka mtoto wakfu, kwa sababu jina huvuta kile kilichomo ndani yake, akanitajia habari ya Yabesi kwenye Biblia. Mama anataka Emanueli. Paroko wa upande wa mume wangu hana shida, amesema tuongeze tu jina la mtakatifu.

Shangazi, nyumbani kwetu majina yote ni ya Kikristo safi. Mama ni Flora, kaka zangu ni Denisi na Isdori, mimi ni Irene. Hatujawahi kuwa na jina la kipagani. Naogopa kuwa wa kwanza kulileta.

Kuna wifi yangu aliyeolewa Norway, yeye akaleta suluhu kwenye kundi la familia la WhatsApp: tumwite Odin, eti huko ni jina la kisasa na watoto wengi wanaitwa hivyo. Usishangae, mama amelipenda. "Odini, kama Edwini. Hilo halina neno." Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Jambo jingine. Mama mkubwa wa mume wangu alituma ujumbe wa sauti kwamba mtoto akikomaa kidogo tumpeleke Muleba, "kuna kakitu kadogo ka kumkaribisha." Nilimuuliza mume wangu ni kakitu gani, akasema ni mambo ya wazee, nisihangaike. Tangu hapo silali vizuri.

Na nikiri kosa langu. Tulipompata Neema tulikubaliana mimi nichague jina, na wa pili iwe zamu yake. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Juzi nilikwenda kliniki, chanjo ya wiki ya sita. Kwenye kadi niliandika Mugasha kwa penseli, nikafuta nikaandika Emanueli, mume wangu akafuta, nikaandika tena. Karatasi imekwanguka mpaka inaonyesha upande wa pili. Muuguzi akaita, "Bebi wa Irene!" Wamama wote wakanigeukia.

La mwisho sijamwambia mtu. Usiku nikinyonyesha, mvua ikipiga bati, huwa namwita hilo jina, kimyakimya. Halafu natubu.

Nisimame na mama yangu au na mume wangu? Na je, kweli jina lina nguvu hiyo?

Ni mimi, Mama Bebi, Kimara.

(Majina ya kwanza ya familia nimeyaacha kwa ruhusa yake, kwa sababu utaona yana kazi. Mengine yote nimeyaondoa.)

*

Marahaba mwanangu. Hongera ya kujifungua salama, na pole ya bajaji. Mwanamke aliyepita barabara za Kimara kwenye mvua ya Aprili akiwa na uchungu, mimi nampa kiti kwanza, maneno baadaye.

Ukiniuliza usimame na nani, sitakujibu, na si kwa kukukwepa. Naona kwenye barua yako umekwishawaweka mama na mume kwenye mizani, huku mtoto, wewe mwenyewe na yule babu mvuvi mmekaa pembeni mnasubiri mizani itulie. Hebu tuishushe kidogo tuone kilichomo.

Nianze na sentensi iliyonifanya niweke chai chini: "majina yote ni ya Kikristo safi." Mwanangu, Flora alikuwa mungu wa kike wa maua kule Roma ya kale. Alikuwa na hekalu lake, na sherehe yake ya kila mwaka ilianza tarehe 28 Aprili na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei, watu wakivaa nguo za rangirangi na kucheza siku kadhaa mfululizo. Denisi ni jina lililotoka kwa Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki. Isdori, ambalo Uchagani kila kona utalikuta, maana yake ni zawadi ya Isis, na Isis ni mungu mkubwa wa kike wa Misri ya kale. Nawe Irene jina lako ni amani kwa Kigiriki, lakini Wagiriki hao hao walimfanya Amani kuwa mungu wa kike, mmoja wa mabinti watatu wa Zeus waliosimamia majira ya mwaka. Kwa hiyo katika nyumba ya mama yako kuna maua, mvinyo, Misri na majira ya mwaka, na bado mmesali na kufunga na kubarikiwa.

Majina hayo yalifikaje Rombo? Walioyabeba walibatizwa, wengine wakafa kwa ajili ya imani, kanisa likawakumbuka kwa majina yao yale yale ya zamani bila kuyabadili. Hata Paulo alipohubiri Athene, mmoja wa walioamini pale ni Dionisio Mwareopago, imeandikwa Matendo 17:34. Hakuambiwa kwanza akabadili jina ndipo aamini.

Sasa nakuomba sana, usibebe aya hizo mbili ukamsomee mama yako Jumapili mkitoka ibadani. Nakujua, nami nimewahi kuwa na miaka 29. Ukimwambia mama aliyeokoka kwamba amebeba jina la mungu wa Kirumi miaka yote hii, hutakuwa umemfundisha kitu, utakuwa umemvua nguo mbele za watu. Nimekueleza wewe ili uache kuogopa kuwa "wa kwanza". Hilo tu.

Tena mama yako ana hoja, ingawa huenda mwenyewe hajaipanga kwa maneno. Hekalu la Isis lililokaa muda mrefu kuliko mengine, pale Philae kusini mwa Misri, lilifungwa katika karne ya 6. Hakuna mtu leo atakayekuja mlangoni kwa Isdori kudai chochote kwa niaba ya Isis. Madhabahu ile imepoa, jina limebaki sauti nzuri tu. Mugasha je? Yeye yumo katika ile jamaa ya Bachwezi, pamoja na Wamara na Irungu na wengine, ambao Wahaya na majirani zao waliwahusisha na ziwa, pori, mvua na mifugo, na waliokuwa na waganga na waaguzi wao wa kuwasemea. Hayo si mambo ya miaka elfu mbili iliyopita. Babu wa mume wako aliyaishi. Kwa hiyo mama yako anapoliogopa jina hili na kulikubali la Denisi, wewe unaweza kuona ni kigeugeu. Mimi namwona ni mtu anayetofautisha jiko lililozimika na jiko ambalo hajui kama bado lina kaa la moto.

Na kuna kaa au hakuna? Hapo ndipo ninapotaka usimame muda mrefu kuliko mahali pengine pote kwenye barua yako. Ni lile neno la mama mkubwa: "kakitu kadogo ka kumkaribisha." Kakitu kenyewe ni nini? Inaweza kuwa ni mjukuu kuonyeshwa kaburi la babu, kulishwa senene za kwanza (natania, wiki sita hali senene), kuchinjiwa mbuzi na ukoo ule pilau na ndizi. Inaweza kuwa ni jambo ambalo wewe kwa imani yako hutalikubali. Mume wako alipokujibu "ni mambo ya wazee", hakukudanganya, lakini alikuacha na giza, na gizani kila kichaka ni simba. Hujanyimwa usingizi na jina. Umenyimwa usingizi na jibu ambalo hukupewa.

Basi ulizia. Tena si kwa kupitia mume peke yake. Mpigie mama mkubwa mwenyewe, umsalimie vizuri, umweleze mtoto anavyonyonya, umuulize kama mkwe anayetaka kujua: Mama, kwenu mtoto akiitwa Mugasha ni kumbukumbu, au ni kumkabidhi? Kuna anachotakiwa kufanyiwa, au kufanya akikua? Hilo ni swali la heshima, na wazee wengi hufurahi kuulizwa kuliko kukisiwa. Akikujibu kwamba ni jina tu, kama wengi wa Kagera wanavyolibeba mpaka kwenye vyeti vya chuo kikuu, utakuwa umepata kitu cha kumpelekea mama yako. Akikujibu kwamba kuna kiapo ndani yake, basi pia utakuwa umejua, na mazungumzo yako na mume wako yatakuwa ya jambo lenyewe, siyo ya kivuli chake.

Paroko hakukujibu kwa wepesi, usimwone mlegevu. Sheria ya kanisa lake ya mwaka 1917 ilidai jina la Kikristo, na wazazi wakigoma padri aliongeza la mtakatifu. Ya sasa, ya mwaka 1983, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Na hapa kuna jambo ambalo sijui kama mume wako analifahamu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Waganda, mwenye ziwa anaitwa Mukasa, na visiwa vya Ssese ndiko kulikokuwa na hekalu lake kuu. Mukasa na Mugasha ni jina moja lililovuka ziwa. Sasa tazama orodha ya mashahidi wa Uganda ambao sikukuu yao ni Juni 3: Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, akatangazwa mtakatifu mwaka 1964. Jina la mwenye ziwa linatajwa kwenye misa. Najua mama yako siku hizi hasomi habari za watakatifu, kwa hiyo hii si funguo ya mlango wake. Lakini alikua Rombo akiwasikia. Na mama yake, yaani bibi yako, alipokuwa akisali kwa Kichaga alimwita Mungu Ruwa, neno ambalo Wachaga walikuwa nalo kabla ya mmisionari wa kwanza, na ambalo ni jina la jua pia. Siku moja mkiwa mnachambua mchicha muulize tu bibi alikuwa anasalije. Usiongeze neno. Mwache asimulie.

Kuhusu mchungaji. Yabesi ni kweli yumo, mama yake alimpa jina la huzuni, naye akaomba akabarikiwa. Ukiisoma vizuri ile habari, jina halikumshinda. Na watoto wangapi hapa Dar wanaitwa Abednego? Jina hilo alipewa Azaria na wenyeji wa Babeli, na maana yake ni mtumishi wa Nebo, mungu wao. Akatupwa kwenye tanuru akiwa na jina hilo la kipagani na hakuungua hata unywele. Simdharau mchungaji wako, ni yeye atakayemshika mwanao mbele ya kanisa, na kama dhamiri yake inamkataza ni haki yake kusema. Ila unaweza kumuuliza kwa unyenyekevu kwa nini Abednego anapita na Mugasha hapiti. Huenda ana jibu zuri. Huenda atahitaji wiki moja kufikiri.

Neno lenyewe "mpagani", kwa taarifa yako, limetoka kwenye neno la Kilatini lililomaanisha mtu wa kijijini. Mshamba, kwa lugha yetu ya Kariakoo. Tangu nilipolijua hilo, kila nikisikia jina fulani linaitwa la kipagani huwa najiuliza kama tatizo ni mungu au ni kijiji. Na Odini ananipa jibu nusu. Mungu wangu, nimecheka na mume wako. Odin wa watu wa Kaskazini ni mungu wa vita na wa walionyongwa, aliyeng'oa jicho lake moja kununua hekima na kujining'iniza mtini siku tisa usiku na mchana. Waingereza Jumatano yao, Wednesday, wameiita kwa jina lake hadi leo. Wifi yako hakosei, Norway kweli watoto wa siku hizi wanaitwa hivyo. Lakini pima: wa jicho moja kutoka theluji amepita kwa mama bila maswali kwa kuwa anafanana na Edwini, na wa ziwa letu wenyewe amezuiwa mlangoni. Sisemi hivyo kumsuta mama. Sote tumelelewa hivyo kiasi. Mimi nilikuwa na jirani Ilala, mama wa Makunduchi, anaitwa Bi Mwaka, kwa ile Siku ya Mwaka ambayo kwao watu hupigana kwa vigogo vya migomba na kuchoma kibanda. Sikukuu hiyo imetokana na Nairuzi, mwaka mpya wa Uajemi, wenye umri mkubwa kuliko dini zetu zote mbili hapa mjini. Na Bi Mwaka alikuwa haikosi swala ya alfajiri. Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia abadili jina, pengine kwa sababu lilikuwa la Kiswahili na hakuna aliyelitilia maanani.

Turudi kwako na mume wako. Umekiri mlikubaliana zamu. Ahadi ni ahadi, na yeye ana haki ya kuumia ukiivunja. Lakini zamu ya kuchagua haimaanishi kupiga simu Muleba kabla ya kumuuliza mwenye tumbo kama ameshonwa. Nadhani, na unisahihishe nikikosea, kwamba hilo nalo lilikuchoma, na halina uhusiano na mizimu. Vigelegele vilipigwa huko kabla hujapata hata chai. Kama angekusimulia habari ya babu kwanza, taratibu, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na ule mguu wake usio na kiatu, huenda ungelisikia jina lile kwa sikio jingine. Mwambie hivyo. Ni rahisi kuomba msamaha wa simu kuliko kuomba msamaha wa jina.

Kisha muulize jambo ambalo barua yako yote haijataja: babu mwenyewe aliitwa nani? Umeniambia mtumbwi, umeniambia kasia, umeniambia kanisa la Jumapili. Jina lake hulijui, au umelisahau. Kama kiu ya mume wako ni mzee aliyemlea, jina la mzee huyo lipo, na sijui kama yeye mwenyewe amelifikiria. Au labda amelifikiria na halitoshi, kwa sababu anachotaka kukishika ni usiku ule wa maji. Hata hivyo mvua ina majina mengi: kuna akina Masika, Wasukuma wana Mabula na Kabula kwa watoto waliozaliwa wakati wa mvua. Lakini Mhaya na Mchaga kuazima jina Usukumani, hapo utanipa kazi ya kuandika barua nyingine.

Njia ambayo kila mtu atakushauri ni kumpa yote mawili, Emanueli kanisani na Mugasha nyumbani. Wengi wameishi hivyo na hawakufa. Ila ifikirie kwa makini kuliko wanavyoifikiria washauri wa barazani. Kwanza cheti. Hapa kwetu jina la kati ni la baba. Ukiandika Emanueli Mugasha halafu ukoo, mwalimu wa darasa la kwanza atadhani Mugasha ndiye baba mtoto, na mume wako ataanza kuitwa "Mzee Mugasha" kwenye vikao vya wazazi. Na akiwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye cheti cha ubatizo au cha shule, siku ya kitambulisho cha taifa ndipo mtaanza kukimbizana na hati za kiapo. Pili, mtoto mwenye jina la upande huu na jina la upande ule anaweza kuwa daraja, na anaweza pia kuwa kamba ya kuvutana. Inategemea kama bibi yake atakuwa tayari kusikia jina jingine likiitwa sebuleni bila kugeuza uso. Hilo wewe unamjua mama yako, mimi simjui.

Ukisimama na Mugasha peke yake, uwe tayari kwa mwaka mmoja au miwili ya mama kumwita "mjukuu wangu" bila jina, na pengine kumweka wakfu mahali pengine au kwa paroko. Ukisimama na Emanueli peke yake, mume wako atakubali, wanaume wa namna yake hukubali, halafu kila mvua kubwa utamwona anatazama dirishani na hatasema kitu. Sijui kipi kizito kwako. Vyote viwili vina uzito.

Muda upo, ila si wa kuchezea. Usajili wa kizazi kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, unatakiwa ndani ya siku 90, ukipitiliza bado utasajiliwa lakini kwa ada na usumbufu zaidi. Umetumia wiki sita, umebaki na siku 40 na ushee. Zinatosha kumpigia mama mkubwa, kukaa na mume wako usiku mmoja Neema akiwa amelala, na kuchambua mchicha na mama yako mara mbili tatu.

Na lile la mwisho, la usiku na bati. Sitakuambia kwamba hiyo ni kura yako. Mama anayenyonyesha saa nane usiku huita mtoto kwa jina lolote linalomjia, mimi wangu wa pili nilimwita Kifaranga miezi mitatu. Nitakuuliza tu: ukimwita hivyo gizani, kabla ya kutubu, unajisikiaje? Unamwogopa, au unampenda zaidi? Usinijibu mimi. Lakini siku ya kukaa na mume wako, mwambie kwamba huwa unamwita. Nahisi hajui, na anadhani yuko peke yake upande ule.

Ukishaongea na mama mkubwa, niandikie alichosema. Na tafadhali mwanangu, hapo kwenye kadi usifute tena. Waache kliniki waite "Bebi wa Irene" mara moja au mbili zaidi. Karatasi iliyobaki ni ya kuandika mara moja tu, na iwe kwa kalamu.

Shangazi